Chupa Yenye Pumzi

Mwezi wa Julai konkombre, yaani matango, hukosa heshima mjini Kalemie. Bustani za kando ya Lukuga na Lubuye, zinazomwagiliwa kwa ndoo kiangazi chote, huzaa kwa mkupuo mmoja, na akina mama wanaofika sokoni alfajiri na beseni kichwani huanza siku kwa bei ya kujivunia na kuimaliza kwa bei ya kuomba. Ukipita pale jioni, muuzaji atakuita mama fulani, hata kama hajui mtoto wako ni nani, akuongezee tatu juu ya tano ulizonunua, maana anajua kesho ngozi itakuwa imesinyaa na keshokutwa ni chakula cha mbuzi. Halafu inaingia Novemba. Mvua imekolea, majani yameliwa na ukungu, na yule yule aliyekuwa akisukumiwa nyongeza anazunguka soko zima akitafuta konkombre moja ya kachumbari ya harusi, asiione.

Kati ya miezi hiyo miwili ndipo Kambo alipopata riziki yake.

Kambo alikuwa mama yake mama yangu, Mtabwa wa Kirungu, kule juu ya bandari ya Moba ambako zamani Wabelgiji walikuita Baudouinville. Usichana wake ulipita kwenye jiko la masista, na huko ndiko alikojifunza kulaza konkombre changa ndani ya mtungi wa maji ya chumvi, zikachachuka zenyewe polepole hadi zikawa kali za kupendeza. Alipoolewa alishuka Kalemie, kwa kuwa babu alikuwa mfanyakazi wa reli, ile iliyotoka Kabalo ikafika ziwani mwaka 1915. Akaja na mtungi wake. Mtungi ukamgomea.

Hadithi hii aliisimulia kwa hasira, miaka mingi baadaye, kana kwamba mji mzima ulimfanyia hila. Kirungu konkombre zilitoka ngumu, ukiziuma zinalia. Kalemie zilitoka laini, zenye utelezi, na juu ya maji palitanda utando mweupe. Alibadilisha chumvi, akabadilisha maji, akamlaumu hata jirani mwenye jicho. Sababu ilikuwa joto. Uchachu wa namna ile unapenda joto la nyuzi 21 hadi 24, na unachukua wiki tatu au nne. Joto likizidi 27 vijidudu vya uozo hupata nguvu na tango hulainika kabla halijakomaa. Kirungu iko kwenye kilima, usiku watu hujifunika blanketi. Kalemie iko ufukweni, na hata kiangazi mchana jasho linakutoka ukiwa umekaa. Hakuna mtungi utakaobishana na hali hiyo bila friji, na friji yetu ilikuwa kabati la sahani. Umeme ulikuja ulipotaka.

Kwa hiyo Kambo akahamia kwenye siki.

Naona ule ndio uamuzi wake wa busara kuliko yote. Mtu akishajua kazi kwa njia moja, kuiacha ni kazi nyingine. Wapo mabibi waliokuja kutoka milimani na mitungi yao, wakazimwaga konkombre mwaka baada ya mwaka, mwisho wakasema konkombre za Kalemie si konkombre. Yeye aliuacha mtungi, akaugeuza wa kuwekea maji ya kunawa. Masista walikuwa na njia mbili, ya mtungi na ya chupa, akakumbuka ile ya pili aliyoidharau usichanani kwa sababu ilikuwa ya haraka.

Njia yenyewe naieleza jinsi nilivyoiona kwa macho yangu, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikipuliza mbabula, jiko letu la makaa.

Konkombre zilichumwa asubuhi na kuanza kutengenezwa siku hiyo hiyo. Alitaka zile fupi, ngumu, zenye vipele, zisizofikia urefu wa kiganja. Zilizoanza kuwa njano alizirudisha kwa mwenyewe bila kubembeleza. Zilioshwa kwa maji yaliyochemshwa, tena kwa kusuguliwa moja moja. Kalemie ni mji unaokijua kipindupindu, haupiti muda mrefu bila kusikia nani amelazwa, na hakuna mama mwenye akili atakayeosha mboga ya biashara kwa maji yaliyotekwa ziwani na kuachwa vivi hivi. Kisha alichukua kisu kidogo na kukata ncha. Zipo ncha mbili: ya kikonyo na ile iliyokuwa na ua. Ya ua aliikata daima, wembamba wa kucha tu, na ukimwuliza kwa nini, alikujibu kwamba kule ndiko tango linakooza kwanza. Chuoni Lubumbashi niliambiwa kwamba upande wa ua una vimeng'enya vinavyolainisha nyama ya tango. Jibu la Kambo halikuwa mbali.

Baada ya hapo zililala usiku kucha kwenye maji ya chumvi, ili zitoe maji na kukaza. Asubuhi alizisuuza. Chupa zilikuwa zimeoshwa kwa sabuni na kuwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, zingojee humo humo zisije zikapasuka zikikutana na mchuzi unaochemka. Ndani ya kila chupa alitia kitunguu saumu punje mbili, pilipili moja nzima, mbegu za giligilani, na kipande cha tangawizi akijisikia. Yale majani ya shibiti ambayo Wazungu hutia hatukuwa nayo, na sijawahi kuona konkombre zetu zilipungukiwa nini. Kitunguu saumu wakati mwingine hugeuka rangi ya kijani au bluu ndani ya siki, na wateja hushtuka. Hakina neno, ni kemia ya kitunguu na asidi. Wewe mweleze mteja, au usitie.

Mchuzi ndio moyo wa kazi, na hapo Kambo hakuruhusu mkono wa mtu mwingine. Kikombe cha siki, kikombe cha maji. Kikombe cha siki, kikombe cha maji. Alihesabu kwa sauti kama anayehesabu pesa. Chumvi vijiko viwili vya kula kwa kila lita ya mchuzi, sukari kidogo. Chumvi ya dukani yenye madini ya joto aliikubali kwa shida maana inaufanya mchuzi usiwe mwangavu. Ladha haiharibu, sura tu. Mtu akilalamika kwamba mchuzi ni mkali mno, aliongeza sukari. Siki hakuipunguza hata tone.

"Ukali ule ndio mlinzi," alisema. "Sasa unataka kufukuza mlinzi kwa sababu anakukunjia uso?"

Lakini siki ipi? Suala hili ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu sokoni naona watu wananunua siki kama wanavyonunua mafuta ya taa, kwa kujaziwa kwenye chupa ya maji. Siki ya kuhifadhia chakula lazima iwe na asidi ya asilimia 5 au zaidi, na hiyo ndiyo namba ya kutafuta kwenye karatasi ya chupa. Siki zinazotoka Ufaransa na Ubelgiji huandikwa kwa digrii, 6° au 8°, maana yake ni ile ile: gramu sita au nane za asidi katika kila mililita mia. Ukiwa na ya 8° itumie kwa kipimo kile kile, nusu kwa nusu, mchuzi uwe mkali zaidi. Usianze hesabu za kuizimua ili uokoe faranga. Siki isiyo na namba, hata iwe inakuchoma pua, hujui ni kitu gani. Huenda ni siki nzuri. Huenda muuzaji ameshaizimua mara mbili tangu bandarini. Pua haipimi asilimia.

Ndimu nazo? Watu huniuliza kila mara, kwa kuwa ndimu hatukosi. Juisi ya ndimu ni kali kweli, lakini ukali wake unabadilika kutoka tunda hadi tunda, na kipimo cha matango ya chupa kimejaribiwa kwa siki. Ndimu iache kwenye samaki.

Kalemie ni mji unaojua kuhifadhi chakula, na ujuzi huo ndio unaotudanganya. Mtoto wa pale hukua akinusa ndagala, dagaa wetu, zilizoanikwa mchangani. Anajua mikebuka iliyopasuliwa na kupakwa chumvi, anajua samaki wa moshi anayepanda treni kwenda bara. Chumvi ina historia ndefu ziwani: kabla ya reli na kabla ya boma la Wabelgiji, chumvi ya Uvinza, bara ya Kigoma, ilikuwa ikivushwa kwa mitumbwi. Basi mtu wa Kalemie anaamini kwamba ukitia chumvi ya kutosha na moto wa kutosha, chakula kimepona. Kwa ndagala ni kweli, kwa sababu ndagala amekaushwa, na vijidudu bila maji havifanyi kitu. Konkombre ni maji, sehemu kama 95 kati ya mia, nayo inalala ndani ya maji, na kifuniko kimefungia hewa nje. Tumemtengenezea makazi safi kiumbe mmoja mbaya.

Kiumbe huyo ni bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Vijimbegu vyake vimo udongoni kila mahali, pamoja na udongo ulioshika kwenye konkombre ya Lubuye. Tukila vijimbegu hivyo pamoja na kachumbari, kwa mtu mzima havina shida. Vikifungiwa mahali pasipo hewa, penye joto, na pasipo asidi ya kutosha, vinaamka na kutengeneza sumu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya. Mtu aliyeila huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, mate yanashindwa kumezeka, kisha kupooza kunashuka hadi kwenye misuli ya pumzi. Tiba yake inahitaji dawa maalumu na mara nyingi mashine ya kupumulia, vitu ambavyo mkazi wa ufukweni kwetu asijipe moyo kwamba atavikuta usiku huo huo.

Na maji yanayochemka hayaviui vijimbegu hivyo. Jambo hili watu wengi hawalikubali, wanaona kama matusi kwa moto. Vinahitaji joto la nyuzi 116 hadi 121, ambalo hupatikana kwenye sufuria ya mvuke wa shinikizo peke yake. Sufuria ya kawaida hata ukiichochea makaa gunia zima haipandi juu ya kiwango cha maji kuchemka. Kinachotulinda kwenye konkombre ni uchachu. Wataalamu wanaupima kwa namba iitwayo pH, ambayo hushuka kadiri uchachu unavyopanda. Chini ya 4.6 bakteria huyo haoti. Konkombre mbichi iko juu ya 5. Siki inaishusha, na kuchemsha chupa kunamaliza wale wengine wadogo, hamira na ukungu, na kunavuta kifuniko kikaze.

Niliporudi likizo kutoka Lubumbashi nilikuja na kibunda cha karatasi za kupimia pH, zile zinazobadilika rangi. Kambo aliketi kwenye kigoda akaniangalia nikifungua chupa yake iliyokaa mwezi mzima, nikachovya karatasi, nikailinganisha na rangi za kwenye kijitabu. Ilisimama kati ya 3 na 4.

"Karatasi inasema nini?"

"Inasema umefanya vizuri, Kambo."

"Mimi nilijua. Na hiyo karatasi iko bei gani?"

Nilimtajia bei. Akatikisa kichwa, akasema kwa pesa hiyo angepata siki chupa mbili.

Alikuwa na kitu ambacho mimi nilikipata baada ya mitihani: alijua mpaka wa ujuzi wake. Jirani mmoja, baada ya kuona konkombre zinavyouzika kwenye vibanda vya bia, alileta maharage mabichi ya kupika akataka afungiwe kwenye chupa na maji ya chumvi. Mwingine alileta mikebuka mibichi, akasema wao huko madukani wanauza samaki wa kopo, kwa nini sisi tusiweze. Kambo alikataa yote mawili. Hakueleza sababu, na nadhani hakuijua kwa ukamilifu; alisema masista hawakufanya hivyo bila ile sufuria yao nzito ya kufunga kwa skrubu, na yeye sufuria hiyo hana. Wakamwona mchoyo wa maarifa. Mmoja hakumsalimia muda mrefu.

Maharage na samaki hayana uchachu. Kuyafunga kwenye chupa na kuyachemsha kwa sufuria ya kawaida ni kumwandalia yule bakteria karamu. Ubelgiji yenyewe, iliyotuletea chupa na siki, ililipia somo hili. Desemba 1895, miaka michache tu baada ya Mbelgiji Kapteni Jacques kujenga boma la Albertville (jina la zamani la Kalemie) hapa ziwani, wanamuziki wa bendi ya kijiji cha Ellezelles walikula ham, nyama ya nguruwe iliyolazwa kwenye pipa la maji ya chumvi, baada ya kupiga muziki mazishini. Wengi waliugua, watatu wakafa. Profesa Émile van Ermengem wa Chuo Kikuu cha Ghent aliichunguza nyama ile na miili ya marehemu, na mwaka 1897 akamtangaza bakteria aliyehusika. Watu wale hawakuwa wachafu wala wajinga. Walikuwa wanakijiji walioiamini chumvi, kama sisi.

Nilimsimulia Kambo habari za Ellezelles. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza kama pipa lilikuwa limefunikwa. Nikasema nyama ilizama chini ya maji, hewa haikufika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwambie na mama wa maharage." Nilikwenda kumwambia. Alinipa maji ya kunywa, sijui kama aliniamini.

Muda wa kuchemsha nao una jambo la kwetu. Vitabu vya Marekani huandika dakika 10 kwa chupa ya nusu lita ya konkombre na 15 kwa chupa ya lita, lakini dakika hizo ni za mtu aliye karibu na usawa wa bahari, chini ya mita 300 hivi. Ziwa Tanganyika liko karibu mita 773 juu ya bahari. Mtu wa Kalemie haoni kama anaishi juu, maana ziwa liko mlangoni na milima iko mgongoni, lakini maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97 na kitu, si 100. Hivyo ongeza dakika tano: 15 kwa nusu lita, 20 kwa lita. Ndivyo na Moba ya bandarini, Uvira na Kigoma, na wa milimani wafikao mita 1,800 wanatumia dakika hizo hizo. Hesabu inaanza maji yakishachemka tena baada ya chupa kuingia, na yawe yamezifunika kwa upana wa vidole viwili. Mtu asizidishe hadi nusu saa kwa kuogopa, atatoa supu. Chini ndani ya sufuria weka kitambaa au vijiti ili chupa zisigonge chuma, na juu ya mchuzi acha nafasi ya sentimita moja na ushee kabla ya kifuniko, baada ya kupitisha kijiti cha mwanzi ndani kutoa mapovu ya hewa.

Kifuniko ndicho kilichotupatia taabu miaka yote. Chupa zilikuwepo. Enzi za MONUC, wale walinda amani wa Umoja wa Mataifa, mji ulijaa chupa za mayonezi, za konfitiri, za kahawa, zilizomalizwa na wageni na kuishia sokoni, na Kambo alizichagua kwa kupitisha kidole mdomoni mwake. Penye pengo hata la punje ya mchele aliiacha. Vifuniko vyake sasa, ule mpira wa ndani umekwisha kukandamizwa mara moja, na mara ya pili huwezi kuuamini. Vifuniko vipya vilitoka ng'ambo ya ziwa, tulipopata mtu wa kumwagiza. Chupa ya mfuniko mpya iliuzwa ya kukaa. Chupa ya mfuniko wa zamani iliuzwa ya kuliwa wiki hiyo, kwa bei ya chini, na mteja aliambiwa hivyo kabla ya kutoa pesa. Kuna watu wanaona hii ni kujinyima faida. Mimi naona hapo ndipo biashara ya chakula inapotengana na ulaghai.

Tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na ushee mchana, ardhi ilitikisika. Lilikuwa tetemeko la kipimo cha 6.8, kitovu chake humo ziwani, na Kalemie iliumia: nyumba zilianguka, watu kadhaa walipoteza maisha. Kwetu ukuta mmoja ulipasuka toka juu hadi chini, na ubao wa kwenye ukumbi uliobeba akiba ya kiangazi ulilala chini na kila kilichokuwa juu yake. Tulipothubutu kurudi ndani jioni, nyumba nzima ilinuka siki hadi machozi yakatutoka, na konkombre zilikuwa zimetawanyika katikati ya vigae na chokaa ya ukutani.

Baadhi ya chupa hazikuvunjika. Kambo alikaa sakafuni, akatandika kitenge, akaziweka mbele yake. Alichukua moja moja, akaifuta vumbi, akabonyeza katikati ya kifuniko kwa dole gumba. Kifuniko kilichokaza hakisemi kitu: kimebonyea ndani na kinabaki hivyo. Kilichoachia kinashuka na kupanda chini ya kidole, tik, tik. Kila iliyosema tik aliisogeza kushoto.

"Hii iko na pumzi," alisema. "Mwaga."

Nilibisha. Mji ulikuwa umepoteza vingi siku ile, chakula kilikuwa cha shida, na chupa zile zilikuwa nzima hadi mchana wa siku hiyo. Zilikuwa zimeachia kwa sababu ya kuanguka, si kwa kuharibika. Na mchuzi ulikuwa wa siki. Hakubishana nami. Aliendelea kubonyeza.

Kama zingeliwa usiku ule ule, pengine nilikuwa na haki. Lakini nani angezila zote usiku ule, katika nyumba ambayo watu waliogopa kulala ndani? Zingewekwa. Na chupa ikishavuta hewa, ukungu na hamira huingia na kuanza kula ile asidi yenyewe. Mwezi ukipita, mchuzi uliokuwa na pH ya 3 na kitu unaweza kupanda ukavuka 4.6, utando ukafunika juu, na chini yake pakawa mahali pasipo hewa wala uchachu. Mlinzi ameliwa. Hii ndiyo sababu chupa yenye ukungu haikwanguliwi juu ikaendelea kuliwa, na kifuniko kilichovimba, mchuzi unaotoa povu au unaopiga pshh unapofungua, ni wa kutupa bila kuonja, hata kwa ncha ya ulimi. Tupa mbali na kuku na mbwa.

Zilizobaki kulia tulizila Krismasi, na bukari, ugali wetu, na mikebuka ya kukaanga.

Kambo hayupo tena. Miaka hii bustani za ufukweni zimepata adui mwingine, ziwa lenyewe, lililopanda likameza nyumba na mashamba ya watu, na akina mama wamesogea juu kando ya Lukuga. Konkombre bado zinafurika Julai. Wasichana wanaoanza biashara hii sasa wana simu, wanaangalia video za watu wa nchi za baridi wanaofunga chupa bila kipimo, bila kuchemsha, wanazigeuza kichwa chini na kusema zimekaza. Kifuniko kinaweza kukaza na ndani kukawa na sumu. Nimewaambia wanaonijia, na nawaambia na ninyi mnaosoma: pesa ya kwanza ya mtaji wenu inunue siki yenye namba na vifuniko vipya, kabla ya chupa nzuri, kabla ya karatasi ya kubandika yenye picha yenu. Andikeni tarehe kwenye kila chupa. Ziwekeni gizani, sakafuni penye ubaridi, na mwaka mmoja uwe ndio mwisho.

Na kama siki uliyoipata leo haina namba, usifunge chupa. Kata hizo konkombre nyembamba, tia kitunguu, ndimu na pilipili, mwite na jirani, mzimalize jioni hii.